Chupa ya Bwana Petrie

Dundee, Novemba. Ukungu umetoka baharini bila kubisha hodi,
umepanda Hilltown, umeingia maabara, ghorofa ya tatu,
kupitia dirisha lililokataa kufungwa tangu kabla sijaajiriwa.
Karatasi zimelegea. Chumvi imegandamana koponi.
Mizani inapepesa tarakimu ya mwisho, haitulii,
kama mtu anayetafuta jina la mgeni aliye mbele yake.

"Unyevu," angesema Bwana Petrie, "ni mwizi mwenye adabu:
haibi, huongeza."

Ndiye aliyenifundisha silika.
Kwetu neno hilo ni tabia mtu aliyozaliwa nayo;
kwake lilikuwa mchanga uliosomeshwa.
Nikaandika daftarini: *inakunywa maji.*
Akaikata kwa kalamu nyekundu.
Sifongo hunywa. Chapati hunywa mchuzi.
Hii haimezi kitu, Chausiku. Hii hushika.
Maji hujibandika kwenye kuta za vijitundu vyake
kama popo darini,
na punje yenyewe haivimbi.
Gramu moja, ungeweza kuikunjua,
ingetandika karibu viwanja viwili vya mpira wa kikapu.
Nikapima gramu moja. Haikujaza kijiko.

Jumatano moja tulishindilia bomba la kioo
kwa silika nyeupe, laini kama unga wa sembe,
barakoa usoni, maana vumbi lake halina masihara na mapafu.
Juu tukamimina kamuo la mchicha
niliounua dukani kwa Choudhury.
Manjano ikashuka kwanza, nyepesi, haidaiwi na mtu.
Kijani ikachelewa, ikisimama kila mlango,
ikishikwa mkono, ikiulizwa habari za nyumbani.
"Huyo kijani ni mtu wa Pangani," nikasema,
"hapiti bila kusalimu."
Alicheka mpaka miwani ikafanya ukungu.

Na kwenye mashine ya mwanga usioonekana kwa macho
mchoro ulizama bonde pana, karibu na elfu na mia moja.
"Hapo sasa," akagonga karatasi kwa kucha,
"hapo ndipo anapomeza kweli. Maji hushika. Mwanga humeza.
Utamjua popote, kama jirani unayemjua kwa kikohozi."

Agosti hakuja.
Kiti chake kilihamishiwa chumba cha pili, kisha sijui wapi.
Ilibaki chupa yake rafuni, zile punje za zamani zenye kobalti
ambazo siku hizi haziagizwi,
na lebo kwa mwandiko wake: USIGUSE.
Aliiacha buluu. Leo ni waridi, mpaka chini.

Nahesabu. Mfuniko ulilegea siku yake ya mwisho humu,
alipokuwa akipiga soga, akikohoa, akipuliza chai.
Basi katika maji yaliyoshikwa humo
mna mvuke wa birika, mna bahari, mna koti langu lililolowa,
mna pumzi zake, kiasi gani sijui.
Sisi tunaotenga kijani na manjano
hatuna bomba la kutenga hilo.

Tanuri iko tayari: nyuzi mia na ishirini, saa tatu.
Maji yataachia, yatatokea dirisha bovu,
punje zitarudi buluu, hazimkumbuki mtu.
Ndiyo sifa inayowafanya watu wazinunue:
hutumika tena.

Nimesimama na trei muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.
Isla, mwanafunzi, anauliza kama kuna tatizo.
Hakuna.
Nachukua punje saba za waridi, nazitia kwenye kichupa,
nakaza kizibo, nakizungushia utepe mara mbili.
Silika yangu, labda.
Zilizobaki naziingiza motoni.

Mizani bado inapepesa.
Naisubiri. Sampuli za watu zimepanga foleni,
na saa nane kuna kikao.